Oili ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuruhusu vifanyishwe kazi vikiwa baridi: kwaya na gari lake. Kwaya ilikuwa yetu sote, Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Arlington na jirani zake, tukiimba Kiswahili cha namna tatu katika jengo la kuazima. Gari lilikuwa lake peke yake. Lilikuwa dogo, la kijani kilichoiva, viti viwili tu, na paa la kitambaa linalokunjwa nyuma kama mwavuli. Kwaya aliipasha moto kwa mm-mm na aa-aa mpaka koo zilainike. Gari alilipasha moto akiwa amesimama ubavuni, kichwa kimeinama, kiganja juu ya boneti kama anayebariki mtoto wa mtu.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, Amerika alifikaje: hayo waulize wapenda safari. Mimi nilikuwa nyumbani. Mimi siku zote niko nyumbani. Shule yangu iliishia sekondari, na miguu yangu nayo haikuvuka sana mlango wa sebule. Nimeishi katika nchi ambayo hata chumvi hununui mpaka uwashe gari, na bado safari zangu nyingi nimezimaliza kati ya kitanda, ghala ninakopanga maboksi, na kochi. Lakini dirisha langu lilitazama maegesho ya apatimenti zetu, na katika maegesho yale, Jumamosi mchana, Mwalimu alikuwa amelala chini ya gari lake. Kwa hiyo nilimjua. Ukimtazama mtu miguu tu kwa miaka, mwisho unajua mpaka hasira zake.

Jumamosi zile zilikuwa na usingizi ndani yake. Joto la Texas la mwezi wa nane halichomi kama la Dar, linakukalia. Lami inalainika, nyenze wanashika sauti moja ndefu isiyo na pumzi, na ndege weusi wa mikia mirefu wanatembea kati ya magari midomo wazi, kama wazee waliosahau walichotaka kusema. Mimi niko kochini, feni inazunguka, nusu nimelala, na kwa ile nusu iliyobaki nasikia injini ya Mwalimu ikianzia chini kabisa, ikipanda kidogo, ikitulia. Mara nyingi niliota kwaya inaimba, nikazinduka nikakuta ni gari. Mara moja niliota gari linanguruma, nikazinduka nikakuta nimo kanisani, wimbo umefika kwenye zamu ya besi, na watu wananitazama. Mimi ni besi.

"Besi," Mwalimu aliniambia siku ile mbele ya wote, "wewe ndiye injini yetu. Tatizo hatujui funguo yako iko wapi."

Alikuwa na sikio la kutisha. Kazi yake ilikuwa ofisini, alichora ramani za mabomba ya maji ya mji, lakini aliishi kwa masikio. Watu wote tukiimba kwa nguvu zetu, aliinua kidole kimoja, tukanyamaza, akamwendea mtu mmoja safu ya nyuma na kumwambia kwa upole, "Dada, nenda kalale, una mafua." Na kweli kesho yake dada anaumwa. Friji yangu aliisikia kupitia ukutani akaja kubisha hodi: "Hiyo compressor yako inakata roho." Nilimcheka. Ijumaa yake nilikula maziwa mgando bila kupenda.

Barabarani alikuwa aibu. Mtu mwenye gari la michezo, gari lililotengenezwa kwa kujidai, aliliendesha mstari wa kulia kabisa, wa wasio na haraka, polepole, mikono miwili kwenye usukani, malori yakimpigia honi kama yanayofukuza mbuzi. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, Mkenya, ambaye yeye aliendesha kama anayekwenda kuzima moto, alimwambia, "Mwalimu, una-drive ni kama umebeba mayai ya jirani!"

"Nimebeba yangu," alijibu.

Lakini mara moja kwa mwezi alikwenda nje ya Fort Worth, kule ambako nyumba zinaisha na ng'ombe wanaanza. Kuna uwanja wa mbio ambao watu wa kawaida huruhusiwa kuingia na magari yao wenyewe, wakayaendesha kadiri roho zao zinavyotaka, wakarudi kazini Jumatatu. Huko, wanasema, alikuwa mtu mwingine. Waliomwona waliapa kwamba kwenye kona alikuwa akipita magari makubwa ya bei mbaya kwa ndani, taratibu, kama anayeomba radhi. Mshindani hakuwa mtu. Mshindani alikuwa yeye na mzunguko wake uliopita.

Mkewe hakwenda huko hata siku moja. Tulimwita Mama, sote, hata waliomzidi umri. Alifanya kazi ya kulea wazee katika nyumba yao ya kutunzwa, na alikuwa ameinua shingo nyingi sana zilizovunjika kutoka kwenye mito. Siku Mwalimu alipolileta lile gari, Mama alisubiri sebule ijae watu, akamimina chai kikombe baada ya kikombe, kisha akaketi, akasema mbele yetu:

"Mimi sitakukataza. Mwanaume mzima hakatazwi. Lakini mjue na nyie mliopo. Siku injini hiyo ikifa, gari linaondoka, na mbio zimekwisha. Hakuna injini ya pili. Umekubali?"

Mwalimu alikiweka kikombe chini. "Nimekubali."

Basi. Amekubali mbele ya watu, na kwetu jambo lililokubaliwa mbele ya watu wenye vikombe mkononi ni zito kuliko la mahakamani. Tangu siku ile, injini ikawa mgonjwa wa kanisa zima. Tulimpungia mkono Mwalimu asubuhi na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Akajibu kwa uso wa daktari, "Amekula, amelala." Tulicheka, lakini kila mtu alijua kilichopo mezani. Mtu yule alikuwa na furaha moja isiyokuwa wajibu wa mtu, na furaha ile ilikuwa inazunguka juu ya oili.

Na oili ndiyo aliyoifanyia kazi. Siku moja nilikosea nikatoka nje. Nilikuwa natupa taka tu, naapa. Akaniita kutoka chini ya gari, bila kuniona, kwa mwendo wa kandambili zangu.

"Besi, nipe hilo kopo."

"Lipi? Yako matatu."

"Soma."

Nikasoma namba. Kila kopo lilikuwa na namba mbili na herufi katikati. Akatoka, akakaa chini, mgongo kwenye tairi, akanifundisha kama anavyofundisha noti. Namba ya kwanza ni tabia ya oili asubuhi ya baridi, kabla haijanywa chai. Namba ya pili ni tabia yake ikishapata moto. Ndogo ni nyepesi, inakimbia. Kubwa ni nzito, inakaa.

"Basi weka kubwa zote mbili umalize," nilisema.

"Wewe kila kitu unataka kumaliza. Ndiyo maana wimbo unaumaliza kabla yetu." Akachovya stiki ya oili, akaniwekea tone kidoleni, akanisugulisha na dole gumba. "Kati ya chuma na chuma ndani humo kuna kitu chembamba kuliko utandu wa maziwa. Uhai wote wa injini umelala hapo. Ikiwa nyepesi mno, kwenye kona ndefu, moto umepanda, utandu unakatika, chuma kinamshika mwenzake. Ikiwa nzito mno haifiki inakotakiwa. Mshale wa presha unapanda, mtu anafurahi, kumbe unapanda kwa sababu oili haipiti. Umewahi kuona watu wamesongamana mlangoni mwa kanisa? Ukiwa nje unasema leo kumejaa. Ndani viti vitupu."

"Lakini hapa joto, Mwalimu. Kila mtu anasema Texas uweke nzito."

Akanitazama kwa huruma. "Hewa ya nje si shauri la oili. Injini ina jua lake."

Hilo ndilo neno lake ninalolipenda kuliko yote. Alikuwa na mengine. Alisema kitabu cha gari kinakuambia uimbe ufunguo gani, lakini hakijui nani kafika mazoezini. Kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda sokoni. Mtu anayezungusha injini mpaka juu nusu saa nzima haendi sokoni. Kwa hiyo alikuwa ameweka geji ya pembeni ya kupima moto wa oili yenyewe, siyo wa maji, na ile ndiyo aliyoiamini. Kwa mji, tano-thelathini. Kwa uwanja wakati wa kiangazi, ambapo geji ilipanda mpaka unaona haya kuitazama, kumi-arobaini. Alibadilisha Ijumaa na akabadilisha tena akirudi, kama mtu anayevua suti ya harusi. Nilimwuliza kwa nini asiache moja tu. Akasema, "Soprano akiwa na mafua unamshushia ufunguo. Akipona unamrudishia. Humwachi huko chini eti ndiyo umezoea."

Msidhani hakukosea. Mwaka mmoja alisikia kwa wenzake wa uwanjani kwamba oili nyepesi zaidi inaiachia injini nguvu, akajaribu tano-ishirini, mwezi wa sita. Kwenye kona ndefu ya kulia mshale wa presha ulianguka kama mtu aliyeitwa na usingizi. Aliinua mguu, akazima, akaacha gari liteleze lenyewe hadi kwenye majani. Lilirudi Arlington mgongoni mwa gari la kuvuta. Jumapili ile alituchagulia nyimbo za msiba mtupu, na hakuna aliyekufa. Tuliimba kwa uchungu, kila mtu akijua marehemu mtarajiwa ni nani. Alifungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, akalala chini na tochi, akazikagua beringi, vile vyuma vinavyolindwa na utandu, moja moja. Mama alitoka, akasimama juu ya miguu yake.

"Imekufa?"

"Haijafa."

"Haya. Chai inapoa."

Toka kochini nilisikia spana ikirudi kazini.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haikutoka uwanjani. Ilitoka kwetu, kwa adabu zetu. Mtu wa kwetu haendi kwa watu mikono mitupu. Nyumba nyingine ukienda unabeba sukari, unabeba soda, unabeba mkate. Kwa Mwalimu, tulipojua kinachomgusa moyo, watu wakaanza kubeba oili. Kila mtu aliokota dukani kopo lililompendeza macho. Ubatizo wa mtoto wao, oili. Krismasi, oili. Mama alipotoka hospitali kutolewa kijiwe, kuna mtu alimletea mgonjwa kopo la ishirini-hamsini lenye utepe. Kabati la vikombe lilihamishwa ili makopo yapate mahali. Na Mwalimu alipokea kila kopo kwa mikono miwili, akasoma namba kwa sauti, akashukuru, na akaliweka mahali ambapo aliyelileta ataliona akija tena.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja Mkongo, wa Bukavu, tukimwita Papa. Alikuwa mwenzangu ghalani, anakaa Carrollton, mzee wa heshima aliyewahi kuendesha malori huko kwao kabla vita haijamwondoa. Februari moja, Ijumaa, baridi ya kupasua bomba, Papa alifika na galoni kifuani kama aliyebeba mtoto.

"Mwalimu, hii njo mafuta. Ishirini-hamsini. Kwetu camion zote zilikunywaka hii tu. Ile ya maji-maji unatiaka, iko ya pikipiki."

"Asante sana, Papa. Karibu chai."

"Chai ntakunywa. Lakini kesho unaenda kule kwa mbio? Bon. Na miye ninakuja. Ninataka nione namna gari itafurahi."

Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta. Nilimwona Mwalimu akilitazama lile galoni. Kwetu mgeni akileta sukari, chai ya siku ile hutiwa sukari ile ile, mbele ya macho yake. Ukimwekea kabatini anaondoka akijua umemdharau. Na huyu alikuwa mzee aliyepoteza nchi, nyumba na malori, na alichobakiza ni ujuzi mmoja anaoweza kumpa mtu. Nje kioo cha gari kilikuwa kimefunga barafu. Oili ile asubuhi kama hiyo ni asali. Injini ikiwaka, juu kule inazunguka kavu, inasubiri. Mwalimu alijua. Mama, mlangoni na birika, naye alikuwa akimtazama. Mbele ya watu alikubali injini ya pili haipo.

Akavaa koti, akatoka, akaimwaga tano-thelathini yake chini, akaitia ya Papa mpaka tone la mwisho, Papa akimshikia taa na kusema, "Polepole, polepole, iko na heshima hiyo."

Asubuhi, Papa ndani ya gari langu na mimi nikiwa nimevaa mablanketi mawili, tulimsubiri Mwalimu awashe. Alifumba macho. Injini iliwaka na kugonga juu huko, tak-tak-tak, kavu, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na mtu. Uso wake haukuwa na kitu. Tak-tak-tak. Kisha sauti zikaanza kuondoka moja moja, na Mwalimu akapumua moshi mweupe.

Hiyo ndiyo siku pekee niliyofika uwanjani, na nitasema ukweli: nilikuwa nimetegemea kelele, nikakuta ndoto. Majani ya manjano yamelala chini ya umande mgumu, anga kubwa kama lililosahauliwa wazi, ng'ombe ng'ambo ya uzio wakitutazama bila maoni. Magari yaliingia yakanguruma yakapotea nyuma ya kilima, yakarudi. Na katikati yao, pembeni, taa zikiwaka, Mwalimu akizunguka kwa mwendo wa kwenda ibadani. Hakuikanyaga injini kabla oili haijapata moto. Kila mtu alimpita. Vijana walimpita. Gari moja lilimpita likiwa na mtu anayekula mkate.

Papa alisimama kwenye uzio, kofia mkononi.

"Unaona?" aliniambia, machozi ya baridi kwenye mashavu. "Unaona namna imetulia? Haiko na haraka. Hiyo njo mafuta."

"Naona, Papa."

"Ile ingine ilikuwa inamukimbizaka bure."

Zamu ya kuingia uwanjani ikapita, nyingine ikapita, Mwalimu bado anazunguka kama mshale wa saa. Mpaka jua lilipopanda na umande ukaondoka, nikasikia, mimi mwenyewe, kwa masikio yangu haya ya besi, injini ikishuka nusu noti na kukaa mahali pake. Ilikuwa zamu ya mwisho kabla ya mchana. Basi akaiachia. Lile gari dogo lilipita mbele yetu likiwa limelala kidogo upande mmoja, kama mtu anayegeuka usingizini, na sauti yake ilikuwa moja kutoka chini hadi juu, haina ukingo. Likaingia kwenye kona, likatoka, na nikatambua kwamba nimesimama. Nilikuwa nimeacha mablanketi kwenye kiti.

Aliporudi, Papa alimshika mikono yote miwili. "Umeona?"

"Nimeona, Papa. Asante sana. Sijawahi kupata oili kama hii."

Tukarudi Arlington, tukala ugali na maharage, nikampeleka Papa kwake Carrollton. Niliporudi Mwalimu alikuwa bado amevaa shati safi. Mama alifungua dirisha.

"Mgeni kafika kwake?"

"Kafika," nilijibu mimi.

"Basi mwaga hiyo."

Akalala chini, kwa shati safi.

Hivi ndivyo nilivyomjua: mtu aliyeweza kumkatiza askofu katikati ya wimbo kwa sababu ya noti moja, lakini hakuweza kumwambia mzee wa watu kwamba oili yake ni nzito. Mtu aliyetufokea tukichelewa mazoezini, naye harusini anafika wakati wa keki. Alisali kwa sauti ya chini na kuendesha kwa ya juu. Alituchosha. Akisafiri kikazi, Jumamosi yangu ilikuwa na shimo katikati yake, na sikulala vizuri.

Kisha ofisi yake ikamhamishia Houston. Waliondoka, gari la kijani nyuma ya lori la vyombo, mstari wa kulia kabisa. Kwaya alipewa kijana mwenye kinanda cha umeme anayetuambia tufurahie. Mimi nilisema nitawatembelea mwezi ujao. Mtu wa kochi akisema mwezi ujao, msubirie miaka.

Nilikwenda kwa sababu binti wa dada yangu aliolewa huko na dada akaapa hatanizika nisipokwenda. Siku ya pili ya harusi nilikwenda Sharpstown, mtaa wao, kwenye apatimenti za ghorofa mbili zilizopakwa rangi ya biskuti, nguo zimeanikwa kwenye vizuizi, harufu ya vitunguu vya nchi kumi. Ilikuwa mchana, na hewa ya Houston ni maji yanayosubiri kuambiwa yadondoke. Nililiona gari kabla sijauona mlango. Kijani chake kilikuwa kimepauka mabegani.

Mwalimu alikuwa amekaa ubavuni pake kwenye kiti cha plastiki, nywele nyeupe zote. Nilimwita kutoka nyuma. Hakugeuka. Nikaita tena, kwa besi yangu yote. Mama ndiye aliyetoka, akanikumbatia, akamgusa bega, naye akageuka, na uso wake ukafunguka.

"Besi! Umeamka!"

Alizungumza kwa sauti kubwa, kubwa mno, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama akaniambia pembeni, wala hakuhitaji kunong'ona. "Masikio yamekwenda. Daktari kasema ni kelele za miaka. Uwanjani alikuwa hataki kuyaziba, eti atasikiaje injini. Na vifaa vya kuvaa hataki, eti vinaimba uongo."

"Na gari?"

"Analiwasha Jumamosi. Anazunguka mtaa. Anasema kipupwe, nguvu zikimrudia, ataenda uwanjani, wa huku si mbali." Akatazama pembeni.

"Njoo usikie!" Mwalimu alinipungia. Aliingia nusu ya mwili ndani, akageuza funguo, na injini ikawaka.

Nikaisikia. Si lazima uwe na sikio. Chini ya mngurumo kulikuwa na mtu mwenye nyundo, mzito, wa taratibu, anagonga kutoka ndani ya chuma. Ilikuwa ni beringi za krenki, mhimili wa injini. Hata ghalani mashine ikianza kusema vile tunazima na kumwita fundi, na fundi akija anakuja na uso wa kanisani. Injini ile ilikuwa imekufa, imebaki kuzikwa tu.

Mwalimu alikuwa ameinamia geji, akitazama mshale. Siku hizi alisikiliza kwa macho. "Unaona presha?" alipaza sauti. "Imesimama! Kama kijana!"

Nilimtazama Mama. Alikuwa mwanamke aliyeweka sharti mbele ya watu, na kati ya watu wale, pale nilikuwa mimi peke yangu, shahidi wa chai. Alinikaribia na kuniambia bila kugeuza uso, macho yakiwa kwa mumewe:

"Nimemwekea ishirini-hamsini, nzito kama ile ya Papa. Akiwa amelala, naimwaga yake natia hiyo. Inainua mshale, na kule kugonga kunapungua, majirani wasije wakamwambia."

"Mama, wewe? Oili ulijifunzia wapi?"

"Miaka yote ile nikiwamiminia chai," alisema, "mlidhani nilikuwa nasikiliza birika?"

Mwalimu alizima. Kimya cha Houston kikarudi, chenye mbu. Akaegemea mlango, akaniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kuulizwa, kisha akauliza mwenyewe.

"Nafikiria kushuka, baridi ikija. Kumi-thelathini. Nyepesi kidogo. Unaonaje, Besi?"

Nilipaza sauti: "Mwalimu, gari limeshazeeka! Lina mazoea yake! Usilibadilishie ufunguo!"

Aliisoma midomo yangu. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Mtu wa kochi ananifundisha oili!" Lakini alipomaliza kucheka kuna kitu kilibaki usoni mwake, kama mtu aliyesikia hatua nyumbani kwake na hana hakika. Akaweka kiganja kwenye boneti iliyokuwa bado na moto. Akamgeukia mkewe.

"Mama. Mbele ya Besi. Injini bado ipo?"

Mama alimfuta mkono kwa upande wa kanga yake, kidole kimoja baada ya kingine, oili ikiacha alama nyeusi kwenye maua. Alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Ipo, baba. Ingekuwa haipo, mimi ndiye ningekuambia."